Leza ya macho: mboni peke yake haitoshi kuwa kitovu

Anayetaka kutibiwa kwa leza kwa sababu haoni mbali huuliza kwanza kama mashine inaweza kufuata jicho likicheza. Inaweza. Lakini kifuatiliaji hufuata kitovu kilichopewa, yaani nukta ya katikati ya tiba; ukikiweka pasipo pake, mashine itakitii hadi mpigo wa mwisho.

Alama zinazoshindaniwa ni mbili: katikati ya mboni, na nukta ya mng'ao inayoonekana juu ya konea (tabaka angavu la mbele ya jicho) mgonjwa anapotazama taa ya kulenga. Nukta hiyo kwa kawaida huangukia upande wa pua. Kwa wasioona mbali, tofauti ya alama hizo mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya milimita, ndiyo maana wanaotumia mboni nao hupata matokeo mazuri. Kwa wasioona karibu pengo huwa kubwa zaidi. Mimi, pengo likifika 0.3 mm, naegemea nukta ya mng'ao, hata kama jicho ni la asiyeona mbali.

Siiamini sana mboni kwa sababu katikati yake huhama. Mwanga ukiongezeka mboni husinyaa, na haisinyai sawasawa pande zote. Ramani ya konea ikipigwa mboni ikiwa 4.5 mm, kisha chini ya hadubini ikawa 3 mm, vipimo vya pengo ulivyoingiza kwenye mashine vinahesabiwa kutoka kitovu kingine kabisa. Punguza taa ya hadubini mpaka mboni ikaribie ukubwa wa kwenye picha, ndipo uthibitishe.

Kitovu huthibitishwa kabla ya kuinua kifuniko cha konea, lile tabaka jembamba la juu linalokatwa na kufunuliwa ili leza ipige chini yake. Baada ya hapo tabaka la ndani huwa kama kioo chenye ukungu: mng'ao hutawanyika, na mgonjwa huiona taa kama wingu, hajui atazame wapi. Kichwa nacho kikae sawa, paji na kidevu usawa mmoja, jicho la pili lifunikwe. Hadubini ina macho mawili, na kila moja huonyesha mng'ao mahali tofauti kidogo. Tumia lile lililo kwenye mstari mmoja na taa ya kulenga.

Kuna pia kuzunguka kwa jicho, ambako hakuhusu kitovu moja kwa moja ila huharibu kazi ileile. Mtu akilala chali, jicho linaweza kuzunguka nyuzi 2 hadi 4, wengine zaidi. Nyuzi 4 tu huacha karibu 14% ya astigmatizimu (konea kupinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine) bila kurekebishwa. Weka alama kwenye nyuzi 0 na 180 mgonjwa akiwa ameketi, si akishalala.

SMILE, upasuaji wa leza usioinua kifuniko bali hutoa kipande chembamba cha konea kupitia mkato mdogo, ina tabia yake. Mashine za awali hazina kifuatiliaji, hivyo kitovu huamuliwa koni, yaani kioo cha mashine kinachoshika jicho kwa kulifyonza, inapogusa konea. Acha mguso uenee, mwambie mgonjwa aitazame taa ya kijani, hakikisha anaiona, ndipo uwashe mvuto wa kufyonza. Mvuto ukishika upande, usilisukume jicho. Achia kabla leza haijaanza, urudie.

Kosa la 0.5 mm kwenye duara la tiba la milimita 6 linatosha kuleta kasoro ya kuona iitwayo koma: herufi inaota mkia, taa za usiku zinapata kivuli upande mmoja, hasa mboni ikiwa pana. Namba ya miwani ikiwa kubwa, adhabu nayo ni kubwa, kwa kuwa kinachoondolewa kwenye konea ni kingi: diopta 4 (diopta ndiyo namba ya miwani) kwenye duara la milimita 6 ni takriban mikromita 48, yaani 0.048 mm, katikati.

Mgonjwa akilalamika, usihukumu kwa ramani ya baada ya upasuaji pekee. Toa ya kabla kwenye ya baada, uangalie duara limekaa wapi. Konea iliyokuwa imeegemea upande tangu mwanzo inaweza kukufanya udhani leza ndiyo iliyokosea.