Herufi kwa watoto wadogo: tunayoambiana barazani na yalivyo

Jioni moja hapa Mikindani shoga yangu alimsimamisha mwanawe wa miaka mitatu mbele ya wageni. Mtoto akatiririka, "ei, bii, sii" mpaka "zedi" bila kukwama, nasi tukampigia makofi. Babu yake akavuta mfuko wa sembe, akaweka kidole kwenye S kubwa: "Na hii nini, mjukuu wangu?" Mtoto akamtazama, akavuta pumzi, akaanza upya: "Ei, bii, sii…"

Nafundisha chekechea, na nakiri kwamba miaka ya mwanzo makofi kama hayo yalinidanganya hata mimi.

Dhana: Akiimba zote kwa mpangilio, ameshazijua.

Ameujua wimbo, kama anavyoujua ule wa kuruka kamba. Kuijua herufi ni kulitambua umbo lake popote lilipo na kuitoa sauti yake. Mpangilio utamfaa siku atakapofungua kamusi. Kwa sasa anza na herufi ya jina lake, maana hiyo anaiona mali yake. Na uitamke kwa sauti: "sss", si "esi". Aliyefundishwa "emu" ataunganishaje "emu-a-emu-a" apate mama?

Dhana: Tuanze na za Kiingereza, Kiswahili kitakuja chenyewe.

Hii ndiyo inayonikera. Kwa Kiingereza A huitwa "ei", E huitwa "ii", I huitwa "ai". Sasa mwambie mtoto huyo asome "embe". Atasoma "imbe", na utamlaumu bure, kasoma alivyofundishwa. Kiswahili kimetupa bahati ambayo Waingereza hawana: irabu tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake ileile popote uiwekapo. Q na X hatuna, na C haisimami bila H. Mpe irabu hizo kwanza, ba be bi bo bu zitafuata zenyewe.

Wala hahitaji karatasi, maana sikio hutangulia jicho. Tunakaa mkekani tunayapigia makofi majina ya wilaya zetu za kusini: Ma-sa-si, matatu. Ne-wa-la, matatu. Ta-nda-hi-mba, manne. Ruangwa huleta ubishi, maana wakubwa hupiga mawili, kumbe ni matatu: Ru-a-ngwa. Lakini kiboko ni Mtwara. Karibu kila mgeni hupiga mawili, kumbe M pale imesimama peke yake kama silabi kamili: M-twa-ra. Watoto wanaipenda kwa sababu ndipo wanapowashinda baba zao. Mtoto aliyezoea kukata neno vipande kwa viganja, siku akiviona vipande hivyo ubaoni havimtishi.

Dhana: Bila daftari na penseli hajasoma.

Vidole vya miaka miwili au mitatu bado havijakaza. Ukimlazimisha penseli anaishika kama mchi, anachoka, analia, na kesho akiona daftari anakimbia. Mpe mchanga. Maji yakipwa ufuo mzima ni ubao: chora O kwa kisigino, mwache atembee juu yake mpaka arudi alipoanzia. Nyumbani kuna unga kwenye ungo, udongo wa kufinyanga, shati lenye vifungo vikubwa vya kufunga na kufungua. Vyote hivyo vinaviandaa vidole. Na akija kuandika b badala ya d, au S iliyogeuka, usimpige. Watoto wengi hugeuza herufi mpaka wakaribie miaka saba.

Dhana: Vifaa vya kufundishia viko dukani.

Bibi amejifunga kitabu kiunoni. Kanga ina jina lake, tena kwa herufi kubwa kubwa. Uliza, "Nani ataiona O?" uone watoto wanavyomfuata bibi uani kote, yeye akiwafukuza huku anacheka.

Tahadhari moja. Msimu wa korosho ukifika, uani kumeanikwa korosho tele, na hakosi mtu wa kusema zipangwe herufi. Kwa wadogo, hapana. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayounguza ngozi, na mtoto wa umri huo kila kitu hukipeleka mdomoni, atapaliwa. Chukua vifuu vya nazi, uviandike kwa chaki.

Dhana: Simu itamfundisha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi skrini kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, na kuanzia miaka 2 hadi 4 lasema isizidi saa 1 kwa siku. Simu haijui kama mtoto amesema "imbe" au "embe". Inaendelea tu.

Dhana: Kimakonde cha nyumbani kitamchanganya.

Hakimchanganyi. Hadithi na vitendawili vya bibi ndivyo vinavyolinoa sikio, na sikio lililonolewa kwa lugha moja linasikia na nyingine. Chi-ma-ko-nde: makofi manne.

Yule wa mfuko wa sembe, babu yake aliachana na "ei, bii, sii" siku ileile. Alimshika kidole, akakipitisha juu ya ile S taratibu: "Sss. Hii ya kwako, ndiyo inayoanza jina lako." Sasa mama yake akitaka kuutupa mfuko mtupu ni kilio nyumba nzima. Mtoto anasema ni wake, umeandikwa.