Liacheni hilo gego la utoto

Wiki hii nimeombwa mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi, kwa hiyo mama yule anisamehe. Alimlaza mwanawe wa miaka mitano kitini, akanionyesha magego mawili mazima, hayalegei wala hayana tundu, akasema: "Daktari, nitolee haya mapema, ya ukubwani yakija yakute nafasi."

Yatakuta nafasi imeshaibiwa, mama.

Mtoto akifika kama miaka 6, nyuma ya gego la mwisho la utoto huota gego la kwanza la ukubwani. Halipokei zamu ya jino lolote, ndiyo maana wazazi wengi hawajui kwamba limeshafika, tena ni la kudumu. Gego hili lina tabia ya kusogea mbele, na kinacholizuia ni lile la utoto lililolitangulia. Ng'oa hilo, la ukubwani linajisogelea taratibu, na jino dogo lililopaswa kuota hapo kwenye miaka 10 hadi 12 linakuta mlango umefungwa. Nina msichana wa miaka 10 aliyeng'olewa gego la pili la utoto akiwa na mitano. Kwenye eksirei jino lake linaonekana limekwama mfupani, chini ya shingo ya gego lililomlalia jirani. Sasa tunalirudisha nyuma kwa waya, miezi na miezi.

Tena magego ya utoto ni mapana kuliko meno yanayoyarithi. Kwenye taya la chini tofauti hiyo ni kama milimita 2.5 kila upande. Nikitaja milimita wazazi hucheka. Lakini nimeona meno ya mbele yaliyopishana kidogo yakijipanga kwa milimita hizo hizo, kwa sababu tu tuliweka waya mwembamba wa kulizuia gego la nyuma lisizile.

Gego likioza hata halitibiki, sawa, litoke. Ila kabla hamjaondoka tuzungumzie kishikilia nafasi: pete kwenye jino moja, kitanzi cha waya kinachogusa la pili, basi.

Safu mbili za meno ya chini kwa mtoto wa miaka 6 au 7 si msiba. La utoto likicheza chini ya kidole changu, mtoto aendelee kulitikisa mwenyewe. Likitoka, ulimi husukuma jipya mbele. Nikiri: mara nyingine nimeng'oa jino ambalo lingetoka lenyewe, kwa sababu baba alikuwa hapumui. Na likidondoka bila mzizi, halijavunjikia ndani. Mzizi umeliwa na jino linalokuja. Mwanya wa juu wa miaka 8 nao mara nyingi huziba chonge zikishuka.

Kisichofaa kungoja ni meno ya juu kuuma ndani ya yale ya chini, hasa taya likikwepa upande mtoto anapofunga mdomo. Huyo mleteni mapema. Akitimiza miaka 7, mleteni hata kama hamwoni kasoro.

Tatizo langu ni mtoto wa miaka 8 mwenye meno manne ya mbele yaliyobanana sawasawa. Napima, napiga hesabu za vitabuni, halafu, tusidanganyane, nabahatisha kwa adabu. Wapo niliowapanulia taya mapema na bado wakavaa waya wakiwa na miaka 13. Wapo niliowaacha wakanyooka wenyewe, wazazi wakanishukuru kwa kazi ambayo sikuifanya.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza kama angalau lile la kushoto linaweza kutoka.