Mpira wa Mkojo Haulindwi kwa Antibiotiki

Juzi tena, katika wodi ya upasuaji hapa Kisumu. Mzee ana siku ya tatu tangu afanyiwe upasuaji wa utumbo, na bintiye ananishika mkono: "Sista, mbona baba ana mpira wa kutolea mkojo kibofuni na hajaandikiwa antibiotiki?" Kabla sijajibu, daktari wa zamu alikuwa ameshaziandika.

Kwa ndugu wa mgonjwa naelewa. Kwa wenzangu nimechoka. Bakteria hujibandika kwenye mpira na kujifunika utando wenye utelezi ambao dawa haipenyi vizuri. Walio dhaifu hufa, wagumu hubaki, na siku mzee atakapougua kweli tutakuwa tumeshaiharibu dawa yake. Kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Ukifika mwezi, karibu kila mgonjwa anao.

Kunawa mikono, mfuko uwe chini ya kibofu bila kugusa sakafu, viungio visifunguliwe: hayo mnayajua.

Linaloniudhi ni kipimo. Mkojo ukiwa na ukungu au harufu kali, mtu anakimbilia kuagiza kalcha, yaani kuotesha bakteria wa mkojo maabara. Mgonjwa hana homa, hana baridi, haumwi kiunoni wala chini ya kitovu. Bakteria wataonekana, bila shaka, na atatibiwa karatasi ya maabara. Tena sampuli yenyewe nimeona ikichotwa mfukoni, mkojo uliolala humo tangu usiku! Sampuli huvutwa kwa sirinji kwenye tundu lake juu ya bomba, baada ya kulipangusa kwa spiriti. Mjamzito, au anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, huyo ni habari nyingine: yeye hupimwa hata bila dalili.

Nilifungua faili la mzee. Sababu ya mpira kuendelea kukaa haikuandikwa popote. Nikamuuliza daktari, akaduwaa, akasema toa.

Hapa ndipo ninapokosa uhakika. Wazee wenye tezi dume iliyovimba, na waliochomwa ganzi ya uti wa mgongo, wengine hushindwa kukojoa, na nimewahi kurudisha mpira usiku wa manane nikijiuliza kama niliharakisha. Hata hivyo naendelea kuutoa mapema.

Nikavuta maji ya puto linaloushikilia mpira kibofuni, mililita 10, mpira ukatoka. Saa nne zikapita kimya, nikaanza kumpapasa kibofu. Saa ya tano akaomba chupa. Mililita 350.