Kutoboa mlango kwa ukuta wa mbao: yale watu husema na vile mambo yalivyo

Hizi ploti za zamani hapa Nakuru zenye kuta za mbao ndani, siku hizi kila mtu anataka kupasua ukuta sebule ishikane na jikoni, na kitu cha kwanza utaambiwa ni "ah, huo ni wa mbao tu, haubebi kitu". Wapi! Fungua silingi uangalie mbao zilizobeba sakafu ya juu zimeelekea wapi, zikiukatiza ukuta, haswa kama zimeungwa hapo juu yake, huo unabeba. Zikienda sambamba nao pengine ni wa kugawanya tu, lakini hata huo nyumba ikishazeeka unapata sakafu ya juu imelegea ikaukalia.

Ile ya kugonga na ngumi usikie kama ni wazi ndani achana nayo, itakuonyesha nguzo, zile mbao zilizosimama wima ndani ya ukuta, ziko wapi basi.

Sasa linta, ile mbao ya kubeba uzito juu ya mlango. Ati laza 6x2 moja (mbao ya inchi 6 kwa 2) juu ya mlango upige misumari, imetosha. Hapa ndio watu huharibu kazi kabisa, manake 6x2 hiyo hiyo ukiisimamisha kwa ubavu wake mwembamba inabeba mara 3 ya ile imelazwa, na kupinda ni ngumu mara 9. Kawaida husimamishwa mbili pamoja, plaiwudi katikati ili unene ulingane na ukuta, na kama uwazi ni mpana 6x2 haitoshi, uliza injinia. Halafu ikalie nguzo fupi kila upande, hizo zishikanishwe na nguzo ndefu, si kuning'inia kwa misumari. Na mbao ikauke kwanza, saipras mbichi ya kutoka Elburgon juzi itasinyaa ikuachie mwanya.

"Tukate kwanza linta ifuate"? Msumeno ukibanwa katikati ya nguzo jua uzito ushashuka. Propu kwanza, yaani nguzo za muda za kushikilia juu, pande zote mbili za ukuta. Na ukikuta mbao imepita mshazari humo ndani usiikate ukidhani ni masalio, hiyo ndio inazuia nyumba kuyumba.

Landilodi kukubali pia si ruhusa ya kaunti.

Ya mwisho, ati linta ikikaa kazi imeisha. Uzito uliokuwa umegawanyika kwa nguzo nyingi sasa unashukia pointi mbili tu, kwa hivyo angalia chini yake kuna nini, kama ni mbao za sakafu tupu bila kitu cha kuzishikilia zitabonyea, na jirani wa chini ataanza kuona nyufa kwa silingi yake.