Popo wa mapangoni anavyosingiziwa

Jua likishazama, simama kwenye mlango wa mapango ya mawe ya matumbawe kule Fikirini, Kwale. Kwanza utasikia milio myembamba ndani, kisha upepo wa mbawa ukupitie shavuni. Miongoni mwa popo wanaotoka pale yumo Coleura afra, mnyama wa gramu kumi na kidogo, anayebebeshwa makosa ya wengine.

"Ndio wanaomaliza maembe yetu." Si huyu. Wanaokula maembe ni popo wala matunda, wakubwa, wenye macho makubwa na uso kama wa mbwa. Coleura hula wadudu, na huwakamata wakiwa angani.

"Wananyonya damu." Popo wanyonyao damu ni spishi 3 tu duniani, na zote ziko bara la Amerika. Afrika hakuna hata mmoja. Hofu ya popobawa, pepo anayesimuliwa kuwa na mbawa za popo, iliyozuka Pemba na Unguja mwaka 1995 ilimchafulia jina mnyama asiyehusika kabisa.

"Popo ni kipofu." Anaona. Gizani huongozwa na mwangwi wa sauti yake mwenyewe, sauti ya juu mno kwa masikio yetu.

"Popo wote hulala wakining'inia." Mmulike huyu kidogo tu, halafu uzime tochi. Utamkuta amejibandika ukutani kwa tumbo, na ncha ya mkia wake imetokeza katikati ya utando wa miguuni kama uzi uliotoboa kitambaa.

"Wanaleta maradhi, wachomwe moto." Hapa pana ukweli, na tusiufiche: popo anaweza kubeba virusi, vikiwemo vya jamii ya kichaa cha mbwa. Usimshike kwa mkono mtupu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Lakini kumwacha pangoni kwake ni salama kwako kuliko kumfukuza kwa moshi, maana kumfukuza ndiko kunakokukutanisha naye.

"Wanazaana kama panya, hawaishi." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Jike huzaa mtoto mmoja tu kila uzazi. Huku pwani ya Kenya uzazi hufuata mvua za masika na za vuli, wadudu wanapojaa. Ukitia moshi pangoni majira hayo, umeua kizazi kizima kabla hakijajua kuruka.

Na kuisha wanaisha. Jenasi hii ya Coleura, yaani kundi la popo walio ndugu wa karibu, ina spishi 3. Coleura afra ameenea Afrika hadi Yemen. Coleura kibomalandy wa Madagaska, ambaye jina lake kwa Kimalagasi maana yake ni tumbo jeupe, alitambuliwa na wanasayansi mwaka 2012 tu. Wa tatu, Coleura seychellensis, zamani alikuwa wa kawaida kule Ushelisheli. Misitu ya asili ikafyekwa, mimea ya kigeni ikatambaa hadi kuziba milango ya mapango. Leo wanakadiriwa kuwa hawafiki 100, kwenye visiwa vya Mahé na Silhouette.