Je, wajua ni ushahidi gani uliomfikisha Mary Surratt kwenye kitanzi?

Tarehe 7 Julai 1865, mjini Washington, watu wanne walinyongwa kwa njama ya kumuua Rais Abraham Lincoln. Mmoja wao alikuwa Mary Surratt, mjane aliyekuwa akipangisha vyumba, mwanamke wa kwanza kunyongwa na serikali kuu ya Marekani. Muuaji mwenyewe, mwigizaji John Wilkes Booth, alishauawa akiwa mbioni. Ubishi uliobaki ni huu: mama huyu alijua nini?

Wengi hukimbilia kisa cha sululu. Usiku wa tarehe 17 Aprili, askari wakiwa wamekuja kumkamata, mlango ukagongwa. Akaingia kijana pande la mtu, sululu begani, akidai ameajiriwa kuchimba mtaro. Mtaro, usiku wote ule! Mary akainua mkono wa kulia, akaapa mbele ya Mungu kwamba hamjui. Kumbe ndiye Lewis Powell, aliyemchoma kisu Seward, waziri wa mambo ya nje, usiku uleule Lincoln alipopigwa risasi, na alishawahi kulala humo ndani. Upande wa utetezi ukasema macho ya mama yalikuwa mabovu. Kwangu mimi, hapo hapana uzito mkubwa. Aliyezungukwa na askari anaweza kumkana hata nduguye, na kiapo cha siku tatu baada ya mauaji hakituambii alijua nini kabla.

Kilichomponza hasa ni darubini. Mchana wa tarehe 14 Aprili, siku ya mauaji, Booth alimwachia kifurushi. Mary akapanda kigari cha farasi na mpangaji wake, Louis Weichmann, hadi Surrattsville, Maryland, kwenye baa aliyomkodisha John Lloyd. Safari ilikuwa na sababu yake, maana Mary alikuwa akimdai pesa mtu mmoja huko. Lakini Lloyd aliapa kwamba alipewa kifurushi kile, ndani mna darubini, na kuambiwa aviweke tayari "vile vyuma", yaani bunduki zilizofichwa pale wiki kadhaa nyuma, vingefuatwa usiku huo. Na kweli, usiku wa manane Booth na mwenzake wakapita kuvichukua.

Lloyd siku hiyo alikuwa amelewa, na bunduki zilikuwa kwake, kwa hiyo alikuwa na shingo yake ya kuokoa. Tena bunduki zenyewe zilifichwa wakati Booth alipopanga kumteka Lincoln, si kumuua. Mary huenda alijua la utekaji tu.

Mwenyewe hakuweza kueleza, kwa kuwa sheria za wakati ule hazikumruhusu mshtakiwa kutoa ushahidi. Kati ya maofisa tisa wa tume ya kijeshi iliyomhukumu, watano walitia saini ombi la kumpunguzia adhabu. Rais Andrew Johnson alisema karatasi hiyo hakuiona kamwe.

Mwanawe John, aliyekuwa karibu na Booth kuliko mama, alitoroka hadi Misri. Mwaka 1867 alishtakiwa katika mahakama ya kiraia, mbele ya baraza la raia wa kutoa uamuzi, si wanajeshi. Baraza halikuafikiana, naye akaachiwa.