Simetri ya almasi si mng'aro wake

"Kaka, simetri yake ni ya daraja la juu kabisa, hii lazima iwake." Maneno ya aina hiyo utayasikia kwa masonara wa Mbeya mjini kila kijana anapoulizia pete ya uchumba yenye almasi, na siku hizi hata wanunuzi wanayarudia wenyewe. Cheti cha maabara iliyolikagua jiwe kinafunguliwa, kidole kinawekwa kwenye mstari wa simetri, mazungumzo yanahamia kwenye bei. Mstari ule ni wa kweli, ila hausemi kwamba jiwe litawaka.

Kwa ufupi: simetri, au ulinganifu, ni jinsi nyuso za jiwe zinavyofanana na kukaa mahali pake pande zote. Almasi ya mviringo iliyozoeleka ina nyuso 57: 33 juu, kwenye taji, ikiwemo ile bapa kubwa ya katikati iitwayo meza, na 24 chini. Ncha ya chini ikikatwa kidogo iwe bapa, zinakuwa 58. Mkato ni jambo pana zaidi: pembe, uwiano, umaliziaji, na mwishowe mwanga unaomrudia anayetazama.

Mng'aro unaanzia kwenye pembe. Almasi hupinda mwanga kwa nguvu sana, kiasi kwamba mwanga ulio ndani ukiugonga ukuta wa jiwe kwa mwinamo unaozidi kama digrii 24.4, ukipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo, hautoki, unarushwa tena ndani. Kazi ya mkataji ni kupanga nyuso za chini ziupokee mwanga, ziurushe upande wa pili, kisha utokee juu. Marcel Tolkowsky, mhandisi wa Ubelgiji kutoka ukoo wa wakataji almasi, alichapisha hesabu hiyo mwaka 1919: digrii 40.75 kwa nyuso kuu za chini, 34.5 kwa taji, na meza yenye asilimia 53 ya upana wa jiwe. Wakataji wa leo hawazishiki tarakimu hizo kama amri, lakini hawaendi nazo mbali.

Sasa kata nyuso zote nane kuu za chini kwa digrii 44, sawasawa, zikutane ncha kwa ncha. Simetri haina dosari. Ukilitazama jiwe kutoka juu utaona katikati pana giza, kwa sababu linakurudishia kivuli cha kichwa chako mwenyewe. Zikate zote kwa digrii 37, nazo zilingane vilevile, utaona pete ya kijivu ndani ya meza, ambayo ni taswira ya mkanda wa jiwe, yaani ukingo mwembamba unaolizunguka kiunoni. Kosa lililorudiwa kwa usawa pande zote linabaki kuwa kosa, na mstari wa simetri haukuwekwa kwenye cheti ili kulitaja.

Mtu hukata kina kirefu, kama kile cha digrii 44, kwa ajili ya uzito. Karati moja ya almasi ni gramu 0.2, na bei huruka jiwe linapofika karati 1 kamili. Kukata vizuri hula jiwe: ile almasi ya waridi iliyopatikana kwenye mgodi wa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi, na ilipokatwa ilibaki na 23.6. Anayetaka kuokoa uzito huacha tumbo la jiwe nene.

Nadhani huku kwetu tunateleza kwa sababu jicho letu limezoezwa na dhahabu ya Chunya. Dhahabu ikipimwa usafi na mizani ikasema gramu zake, biashara imekwisha. (Karati ya dhahabu ni usafi, ya almasi ni uzito, hilo nalo huchanganywa kila siku.) Mkato haukubali kusemwa kwa namba moja.

Lakini linaloniudhi zaidi liko ndani ya neno simetri lenyewe, maana kuna simetri ya cheti na kuna simetri ya mwanga. Ya cheti iko kwenye umaliziaji, pamoja na ung'arishaji. Maabara kama GIA, taasisi ya vito ya Marekani, hulikagua jiwe kwa lenzi ya kukuza mara 10 na kwa vipimo vya mashine: je, meza iko katikati, nyuso zinakutana panapotakiwa, mzingo ni duara kweli? Pembe zinazochapishwa ni wastani wa nyuso nane, kisha GIA huisogeza ya taji hadi nusu digrii iliyo karibu na ya chini hadi 0.2 iliyo karibu. Kitanda chenye miguu minne kinaweza kuwa na wastani mzuri wa urefu wa miguu na bado kikayumba. Vivyo hivyo uso mmoja wa chini unaweza kuwa na digrii 40.7, wa mkabala wake 41.3, cheti kikaandika 41.0.

Simetri ya mwanga haisamehi hilo, kwa sababu mwanga unaoguswa na uso mmoja hurukia uso wa upande wa pili, na kosa hukua njiani. Hutazamwa kwa kikopo kidogo chenye rangi ndani: kutoka juu unatafuta maumbo ya mishale minane, kutoka chini ya mioyo minane. Mishale hupatikana kirahisi. Mioyo ni migumu: uso ukipindishwa kidogo tu kando, moyo mmoja unanenepa, mwingine unachanika. Mawe mengi yanayouzwa kwa jina la mioyo na mishale yana mishale tu. Na hata mioyo ikitimia, bado pembe zinapaswa kuulizwa.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, mstari ule ukiuonyesha sema umaliziaji wake ni mzuri, utakuwa umesema kweli. Nawe mnunuzi omba pembe, na picha ya mioyo iliyopigwa kutoka chini. Picha isipokuwepo, ombeni mtoke na jiwe hadi mlangoni, mbali na taa za kabati ambazo humeremetesha hata kioo, mlitazame kivulini likigeuzwa polepole. Likionyesha giza lisilohama katikati, simetri ya cheti haijadanganya. Ilikuwa haijaulizwa habari za mkato.